Kitambaa cha Kamera

Siku ya hamsini na moja ya eda yake, Bi Hind aliagiza aitwe fundi wa kompyuta.

Hakuagiza kwa pupa. Kwanza alimtuma jirani yake, Bi Mize, kwa mke wa imamu, akaulize kama mjane aliye edani anaweza kusema na mwanamume asiye maharimu wake kwa jambo la kompyuta. Jawabu likarudi: kwa haja, inafaa, pazia liwepo, mtu wa tatu awepo, na maneno yasizidi haja. Bi Mize akatia la kwake: "Na mtu wa tatu ndiye mimi. Kwa hiyo ya kuzidi niachieni."

Haja yenyewe mke wa imamu hakuelezwa, lakini Bi Mize aliijua. Mzee Zahor, mume wa Bi Hind, alifariki ukumbini mwa nyumba hii, juu ya kiti chake cha mikono, mchana wa Jumatatu, baada ya Adhuhuri. Siku hiyo Bi Hind alikuwa Jambiani kwenye khitma ya shangazi yake. Aliporudi alimkuta mume keshalazwa, keshafungwa kidevu kwa kitambaa cheupe, na mdomo uliofungwa hauelezi ulisema nini kabla. Aliyekuwepo ni Samir, mwana wao wa pekee. Samir aliwaambia watu wote waliokuja msibani: "Baba katamka shahada. Nimemsikia kwa masikio yangu." Watu wakashukuru, wakasema huo ndio mwisho mwema, wakamshika Bi Hind mikono. Naye alikuwa akimtazama mwanawe. Kila Samir alipoyasema maneno yale, mikono yake ilikuwa ina kazi: kupanga viatu, kumimina kahawa, kufunga kifungo cha kanzu kilichokwisha kufungwa.

Ukutani, kukielekea kiti kile, palikuwa na kamera. Mzee Zahor aliitia mwenyewe baada ya mtu kuingia mchana kweupe na kuondoka na saa ya ukutani. Mwizi wa saa hakuonekana tena, ila kamera ilimkamata paka wa nyumba ya pili akibeba samaki wao, na Mzee Zahor akamwita mkewe aje aone, wakacheka mpaka akatokwa na machozi. Siku hiyo ndipo Bi Hind alipojua kuwa kamera inaona na inasikia, na kwamba yote hukaa ndani ya kompyuta. Basi kilichosemwa juu ya kiti kile kimo humo. Alichotaka ni kukisikia. Je, mume wake aliondoka na shahada mdomoni, au hakuondoka nayo? Hakuwa na haja nyengine duniani.

Lakini kompyuta ilikuwa imekuwa nzito. Mashine yenyewe haikuzimwa tangu msiba; kila siku baada ya kusali Dhuha aliwasha kioo chake, akakaa mbele yake na tasbihi, na kila siku ilifika mahali ikagoma: kioo kinapauka, kile kiduara kinazunguka, na yeye anazunguka nacho. Alimwambia Samir. Samir akasema, "Nitaitazama, mama." Alisema hivyo wiki ya kwanza, akasema hivyo wiki ya tano. Wiki ya saba Bi Hind hakumwambia tena.

Fundi aliitwa Wakil, ana kibanda chake Mlandege. Alikalishwa kigoda dakani, penye kiingilio cha nyumba, nje ya pazia.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," alijibu Bi Mize. "Mbona una sauti ndogo? Wewe ndiye fundi au umetumwa na fundi?"

"Ndiye mimi, Bi Mkubwa. Nna watoto watatu."

"Haya, Hind, ana watoto watatu. Mwambie maradhi ya mashine."

"Pole na msiba, mama," alisema Wakil.

"Tushapoa," alisema Bi Hind. "Mashine ina uzito. Haifunguki."

"Inachukua muda gani mpaka ikafunguka?"

Bi Hind hakuwa akiitazama saa. Alikuwa na kipimo chake. "Tasbihi nne," alisema.

Kisha fundi, mtoto wa mji, akauliza kwa adabu: "Za thelathini na tatu au za mia?"

"Za mia."

"Na wakati wa uhai wa marehemu?"

"Uhai wake, akiiwasha, hajamaliza Ayatul Kursiyyu ishafunguka. Alitia diski mpya mwaka jana. Alisema hii ndani hamna kitu kinachozunguka."

"Hiyo ni SSD. Haipaswi kuwa na uzito huo." Kigoda kililia. "Sasa, mama, mimi sioni. Macho ni yako na mikono ni yako. Ukiona kitu, hata kikiwa cha kipuuzi, kiseme."

Walianza na waya. Wakil alipitisha bisibisi chini ya pazia, akamwelekeza. Bi Hind akazima, akachomoa umeme, akafungua ubavu wa mashine, skrubu moja moja akizitia ndani ya kikombe. Vumbi lilikuwa limelala humo kama unga.

"Utaona kitu chembamba, cheusi, ukubwa wake kama kitabu kidogo cha dua."

"Nakiona."

"Kiguse. Cha moto?"

"Vuguvugu."

"Wahindi wanaita homa ya uongo," alisema Bi Mize.

"Wahindi gani hao?" aliuliza Bi Hind.

"Sijui. Endelea."

Juu ya kile kitu cheusi Mzee Zahor alikuwa ameandika tarehe aliyokitia, kwa kalamu, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto. Bi Hind alikitazama kwa muda. Wakil akauliza kama ameona waya bapa. Akasema ameuona. Akautoa wa zamani, akatia mpya aliopitishiwa, akafunga, akawasha. Akahesabu. Tasbihi nne, na ya tano ikaanza.

"Si waya, basi," alisema Wakil. Sauti yake haikuwa na mshangao. Akamwambia abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, akamtajia kimoja kimoja, na Bi Hind akavitafuta kwa kidole kama atafutaye sura katika juzuu. Kikafunguka kidirisha. "Tafuta palipoandikwa diski. Panasema nini?"

"Mia kwa mia. Pekundu."

"Na wewe umefungua nini?"

"Sijafungua kitu."

"Basi humo ndani yumo anayeandika, na si wewe. Anaandika bila kupumzika."

"Audhubillahi," alisema Bi Mize.

"Si jini, Bi Mkubwa."

"Mimi sijasema jini. Umelitaja wewe, dakani kwa watu."

Wakil alicheka, kisha akamwelekeza Bi Hind aangalie nafasi iliyobaki. Ule mstari wa nafasi ulikuwa mwekundu mpaka mwisho, umeacha upenyo wa ukucha. Hapo fundi akapiga paja lake, wakamsikia.

"Hii ndiyo," alisema. "Nisikilize, mama. Diski hii ni kama ghala la vyumba. Haiwezi kuandika juu ya kitu. Lazima kwanza chumba kifagiliwe kiwe kitupu, ndipo kiandikwe. Vyumba vitupu vikiwa vingi, inafagia kwa nafasi yake na wewe huoni. Ikijaa hivi, kila ikitaka kuandika neno moja lazima isimame, ihamishe, ifagie. Huo ndio uzito wako. Na kila kufagia kunachakaza chumba. Kuna kitu gani kikubwa humo?"

"Kamera," alisema Bi Hind.

"Fungua faili lake."

Lilichukua tasbihi mbili. Hapo ndipo siku zote lilipokuwa likimgomea, lakini leo, kwa kuwa mashine imewashwa upya na hajagusa kitu chengine, orodha ilitokea: mistari ya nambari, mirefu, inashuka mpaka chini ya kioo na kuendelea.

"Nisomee wa juu kabisa. Huo ndio wa zamani kuliko yote."

Bi Hind alisogeza miwani. Alisoma tarehe, na alipofika mwisho wake sauti ikamshuka. Ilikuwa tarehe ya Jumatatu ile.

"Na saa?"

"Kumi na mbili, hamsini na nane."

"Saa saba kasoro dakika mbili, mchana."

Ndipo Zahor alipokuwa ametoka msikitini. Bi Hind alimwona bila kumwona: anavua kofia, anakaa. Akaweka kidole juu ya kioo na kuendelea kusoma kwa sauti. Kumi na tatu na dakika mbili. Kumi na tatu na dakika tano. Kisha, moja kwa moja, kumi na tatu na ishirini na sita.

"Mbona imeruka?" aliuliza.

"Kamera hii inachukua kitu kikitikisika tu. Mtu akitulia, inalala."

Bi Mize alimtazama shoga yake. Bi Hind alishika mausi, akapeleka ule mshale juu ya mstari wa kwanza.

Hapo adhana ya Adhuhuri ikapaa.

Ulianza msikiti wa karibu, ukafuata wa pili, sauti zikapishana juu ya mapaa ya mabati. Bi Hind akaondoa mkono kwenye mausi. Tangu utoto wake hakuwahi kuiacha adhana ipite akiwa na kazi mkononi. Akaitikia kila neno la muadhini, polepole, Bi Mize naye akaitikia, na nyuma ya pazia Wakil akaitikia kwa ile sauti yake ndogo. Ikaisha. Wakasoma dua ya baada ya adhana, na Bi Hind, kwa kuwa ni wakati dua hujibiwa, akaongeza ya kwake, akamwombea Zahor kwa jina lake na la baba yake. Kisha akajipangusa uso, akageukia kioo.

Alikitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Wakil."

"Naam."

"Mstari wa juu si ule."

"Vipi si ule?"

"Wa juu sasa ni kumi na tatu na ishirini na sita. Vile vipande vitatu vya mwanzo havipo."

Kigoda kilianguka. "Chomoeni kamera!" Sauti haikuwa ndogo tena. "Kompyuta musiiguse! Waya wa kamera, ung'oeni!"

Bi Mize, na umri wake ule na magoti yake, alifika ukutani kabla ya fundi kumaliza. Aliukamata waya kwa mikono miwili akauvuta. Ukatoka pamoja na misumari na kipande cha chokaa.

Nyuma ya pazia Wakil alikiinua kigoda. Kisha akasema, "Programu yake, diski ikijaa, haisimami. Inafuta cha zamani kuliko vyote ili ipate pa kutia kipya. Kila dakika moja mpya, moja kongwe inaondoka. Lakini nyumba ya watu wawili watatu haiwezi kuijaza diski hii hata kwa miaka. Mbele ya kamera yenu kuna nini kinachotikisika?"

Wote wawili waliinua macho.

Juu ya kamera kilining'inia kitambaa, nusu ya mtandio mweupe. Bi Hind alikitundika usiku wa kwanza wa eda. Kamera ile Samir aliweza kuichungulia kwenye simu yake, na simu ya kijana hupita mikononi mwa wenzake, na yeye atakuwa anakaa pale ukumbini miezi minne na siku kumi, pengine kichwa wazi. Angeweza kuichomoa. Lakini waya ule ulipigiliwa misumari na mkono wa marehemu, mmoja mmoja, amesimama juu ya meza huku akimwambia mkewe amshikie miguu. Hakuwa na moyo wa kuung'oa. Akaona kufunika kunatosha. Na darini, pangaboi huzunguka usiku na mchana kwa joto.

"Fungua ya jana, yoyote," alisema Wakil.

Akafungua. Ilikuwa nyeupe tupu. Weupe unavimba, unanywea, unavimba, kama kifua cha mgonjwa, na sauti ya pangaboi. Akafungua ya juzi. Weupe. Akafungua ya mwezi uliopita.

"Hamsini na moja," alisema Bi Hind. Alikuwa akihesabu siku.

"Mama, sikujua," alisema Wakil. "Ningejua, ningesema chomoeni kabla ya adhana."

"Vinarudi?"

"Ingekuwa diski ya zamani, ya kuzunguka, kitu kikifutwa bado kimo chini, tunakichimba. Hii ikiambiwa chumba hakina mwenyewe, inakifagia. Ningekuwa na la kukutia moyo ningelisema."

"Hata kwa fundi wa Bara?"

"Hata kwake, mama."

Wakil alipitisha flashi chini ya pazia, akamwambia anakili kilichobaki kwanza, kabla ya jengine lolote, maana diski yenyewe imechakaa na siku yoyote itakufa. Bi Hind akanakili. Kazi ilipokwisha, fundi akaaga, anakwenda kusali.

Ndipo Bi Hind akafungua ile ya ishirini na sita.

Kiti kile. Zahor amekilalia upande, kichwa begani, ndara moja imemvuka, simu yake iko sakafuni chini ya mkono. Mlango unafunguka, Samir anaingia na mfuko wa plastiki. "Baba, umenipigia?" Halafu, "Baba?" Mfuko unaanguka. Samir anamshika mabega, anamtikisa, anaweka sikio kifuani, analiweka tena. Kisha anapiga magoti, anashika uso wa baba yake kwa mikono yote miwili na kumsomea shahada sikioni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti inakatika. Baba yake haitikii. Taya limekwisha kulegea.

Bi Hind aliitazama mpaka mwisho. Kisha akasimama, akakitoa kile kitambaa juu ya kamera, akaenda kutia udhu, maana Adhuhuri ilikuwa bado shingoni.

Samir aliingia baada ya Alasiri, kutoka dukani Darajani, na mkate kwapani. Aliona chokaa sakafuni, akaona waya, akaona kamera iko wazi. Alimtazama Bi Mize. Bi Mize alichukua kanga yake akasema anakwenda kutazama chungu, na kwake siku hiyo hakikuwepo chungu motoni.

"Kaa," alisema Bi Hind.

Samir akaanza kufungua karatasi ya mkate.

"Weka mkate chini, Samir."

Akauweka. Mikono ikabaki haina kazi, akaifumbata mapajani.

"Ulimkuta hai?"

Samir aliutazama mkate. Kisha akatikisa kichwa.

"Alinipigia simu mara mbili," alisema. "Nilikuwa na mteja, mama. Bomba alikuwa akitaka, anachagua, anarudisha. Nikasema nikimaliza nitampigia. Nikasahau. Nikaja na mhogo wake, nikajua atanigombeza."

"Saa ngapi alikupigia?"

Hakuhitaji kutazama simu. "Saa saba na dakika tatu. Na saa saba na dakika tano."

Bi Hind akainamisha kichwa. Basi saa saba na dakika tano bado alikuwa na nguvu ya kuinua mkono. Na ile ya dakika tano ilikuwepo. Aliisoma leo, kwa kidole.

"Ilikuwepo mpaka adhana ya mchana," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Kitambaa changu ndicho kilichoila." Akamweleza yote, pazia, waya, orodha, pangaboi, bila kuinua sauti. Samir alisikiliza, na alipofahamu akafunika uso.

"Niliwaambia watu vile ili upumue," alisema kutoka nyuma ya vidole. "Nilikuona umesimama mlangoni na mkoba wa safari. Likanitoka. Halafu lishatoka."

"Usiliseme tena."

"Sasa wanalisema wao."

"Wao waache. Mimi na wewe tusiliseme. Tumwombee kama watu wasiojua."

"Na kama hakutamka?"

"Nshakwambia. Kama watu wasiojua."

Alitandika mswala wake palepale, akakaa juu yake na tasbihi, si kwa kupima kitu. Samir alijifuta uso. Kisha akauliza kama anaweza kuiona ile iliyobaki.

"Hamna kitu humo," alisema Bi Hind. "Umo wewe tu."

Hata hivyo alikwenda. Hakuichomeka flashi, aliifungua kutoka kwenye mashine yenyewe, na Bi Hind hakumkataza. Mashine ilikawia, ikapauka, ikafunguka. Bi Hind akasikia mlango wa siku ile, akasikia "Baba, umenipigia?", akasikia mfuko ukianguka. Akasikia shahada ya kwanza mpaka mwisho. Ya pili ilipofika "laa ilaaha", diski ikashindwa, picha ikaganda, sauti ikakatika hapohapo. Samir alibonyeza, akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka.

Bi Hind alingoja. Neno lile lilibaki nusu ukumbini, nusu isemayo hapana mungu, ambayo Muislamu hawezi kuiacha ikaning'inia, na mashine haikuwa na habari.

"Illallah," alimalizia yeye, akapitisha punje moja ya tasbihi.

Kisha akaendelea kungoja kioo kifunguke.